Fimbo na Sheria: Viboko Shuleni Uganda, 2006 hadi 2016

Makazi ya Nakivale, karibu na mji wa Mbarara, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa wakimbizi wa Rwanda. Leo shule zake zina pia watoto kutoka Kongo, Burundi na Somalia.

Mwaka 2006 Wizara ya Elimu ya Uganda ilikataza viboko kwa waraka. Waraka si sheria. Ilichukua miaka 10 hadi Bunge kuingiza katazo hilo katika sheria ya watoto, mwaka 2016.

Watetezi wa fimbo husema mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwamba kipigo humkomaza mtoto. Utafiti wa shule za msingi 42 wilayani Luwero, 2012 hadi 2014, unawapinga. Katika shule zilizojifunza kuadibu bila kupiga, asilimia 31 ya wanafunzi walisema wafanyakazi wa shule waliwaumiza wiki iliyopita. Katika nyingine, asilimia 49. Hata hivyo, alama za masomo hazikutofautiana.

Mtoto aliyekimbia risasi amekwisha kukomazwa vya kutosha. Sheria iko upande wake. Vyuo vya Mbarara vinavyofunza walimu viwaandae kuitekeleza.