Ugonjwa wa sukari: tukipunguza bugali, tuangalie pia kolesteroli

Katika makanisa yetu ya Butembo na Beni wako wengi wanaoishi na ugonjwa wa sukari. Baadhi yao wamepunguza bugali, mihogo, ndizi, wali na mkate, na sukari yao imeshuka. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini wengine, wakipimwa damu, wanaambiwa kwamba kolesteroli imepanda. Tunaandika kwa ajili yao na kwa ajili ya wale wanaowapikia.

Kwa nini tuangalie vyote viwili

Sukari nyingi katika damu huharibu mishipa. Kolesteroli mbaya, inayoitwa LDL, hujikusanya katika kuta za mishipa hiyo hiyo na kuiziba polepole. Ndiyo maana mwenye ugonjwa wa sukari yuko katika hatari kubwa kuliko wengine ya kupatwa na ugonjwa wa moyo au kupooza. Kolesteroli haiumi, wala haina dalili mpaka madhara yatokee. Inajulikana kwa kupima tu.

Mtu akipunguza vyakula vya wanga, mara nyingi trigliseridi, ambayo ni mafuta mengine ya damu, hushuka. HDL, kolesteroli nzuri, huweza kupanda kidogo. Lakini LDL haifuati njia moja: kwa wengine haibadiliki, kwa wengine hupanda sana. Kwa hiyo swali kubwa ni hili: ni nini kimechukua nafasi ya bugali kwenye sahani?

Mafuta yanayoganda

Asubuhi za baridi hapa Butembo, mawese huganda ndani ya chupa. Mafuta ya namna hiyo ndiyo hasa yanayopandisha LDL. Karibu nusu ya mawese ni mafuta hayo magumu. Yamo pia katika nyama yenye mafuta, hasa ya nguruwe na ya ng'ombe, katika siagi, na katika fromaji inayotoka Masisi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mafuta magumu yasizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata katika chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 22 kwa siku. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina karibu gramu 7. Vijiko vitatu tu, kiasi kinachoweza kuingia katika sahani ya sombe bila mtu kujua, vinakaribia kumaliza kipimo cha siku nzima.

Hatusemi kwamba mawese ni sumu. Mawese mekundu yana vitamini A, na watoto wetu wanaihitaji. Lakini mwenye ugonjwa wa sukari apimiwe kwa kijiko, asimwagiwe kutoka kwenye chupa.

Vya kuweka mahali pa bugali

Gawa sahani hivi: nusu iwe mboga kama lengalenga, kabichi au biringanya, robo iwe samaki, kuku bila ngozi, mayai au soja, robo ya mwisho iwe bugali kidogo, viazi au maharagwe.

Maharagwe yana wanga, lakini yana pia nyuzinyuzi nyingi zinazopunguza mwendo wa sukari kuingia katika damu na kusaidia kushusha LDL. Usiyaondoe kabisa, punguza kwanza bugali. Avoka ni zawadi kwetu: mafuta yake ni laini, na wanga wake ni kidogo. Sombe inaweza kupikwa kwa karanga za kusaga badala ya mawese mengi. Samaki wabichi wa Ziwa Edward, kutoka Vitshumbi au Kyavinyonge, ni wema kuliko nyama yenye mafuta. Samaki wa chumvi aloweshwe kwanza na maji yamwagwe, kwa sababu chumvi hupandisha presha.

Na kahawa yetu? Ikichemshwa na kunywewa bila kuchujwa kwa karatasi, huweza kupandisha LDL. Wenye kolesteroli ya juu wapunguze vikombe au waichuje.

Tunajua kwamba tangu 2014 mauaji katika eneo la Beni yamewafanya wengi waache mashamba yao, na aliyekimbia hula anachopewa. Ndugu kama huyo asihukumiwe kwa sahani yake. Kanisa linapogawa chakula, liwakumbuke wagonjwa wa sukari kwa maharagwe, karanga na mboga, si unga peke yake.

Vipimo na dawa

Uliza katika kituo chako cha afya ni wapi wanapima mafuta ya damu. Kwa wengi wenye ugonjwa wa sukari, LDL inatakiwa iwe chini ya miligramu 100 kwa desilita. Aliyekwisha kupatwa na ugonjwa wa moyo au kupooza anahitaji chini ya 70, au hata chini zaidi. Ukibadilisha chakula, pima tena baada ya miezi kama mitatu.

Daktari akikupa statini, kama simvastatini au atorvastatini, usiiache kwa sababu unajisikia vizuri. Mama mjamzito, au anayetazamia kupata mimba, amwambie daktari kwanza.

Tahadhari kubwa: anayetumia insulini au glibenklamide asipunguze wanga ghafla, wala asifunge kwa maombi, kabla ya kuongea na daktari. Sukari inaweza kushuka hata azimie. Akitokwa jasho, akitetemeka au akichanganyikiwa, apewe mara moja vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji. Akiwa amezimia, asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali haraka.

Tunawaomba wachungaji wasimwambie mgonjwa aache insulini ili kuonyesha imani. Kuombewa na kumeza dawa havipingani. Na mama na dada wanaopika katika sikukuu za kanisa, wekeni pembeni sufuria moja ya mboga yenye mawese kidogo. Anayeihitaji ataiona, naye atakula pamoja na wengine bila aibu.