Hukumu ya Historia juu ya Uamuzi wa Nyerere Katika Vita vya Kagera, 1978–1979: Mtazamo Kutoka Mkoa wa Mara

1.0 Utangulizi

Vita kati ya Tanzania na Uganda vimeandikwa zaidi kwa kufuata njia ya majeshi: Kyaka, Mutukula, Masaka, Entebbe na hatimaye Kampala. Mkoa wa Mara, ulioko upande wa pili wa Ziwa Viktoria, hautajwi sana katika maandishi hayo, ijapokuwa Rais Julius Nyerere na Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20, wote ni wazaliwa wa Butiama. Aidha, eneo la Wakurya na jirani zao, ambalo leo limo katika wilaya za Tarime na Serengeti, ikiwamo Kata ya Kenyamonta, lilijulikana kwa kutoa askari wengi tangu enzi za Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza. Insha hii inajenga hoja kwamba uamuzi wa Nyerere ulikuwa kwa hakika maamuzi mawili, kila mmoja ukiwa na hukumu yake, na kwamba hukumu ya uamuzi wa pili haikamiliki bila kuhesabu yale yaliyorudi nyumbani pamoja na askari.

2.0 Uamuzi wa Kwanza: Kukomboa Ardhi

Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yaliteka eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, na Amin akatangaza kuwa eneo hilo ni sehemu ya Uganda. Tarehe 2 Novemba, Nyerere aliliambia taifa kwamba Tanzania ilikuwa na sababu, uwezo na nia ya kumpiga mvamizi. Wapo wanaokumbusha kuwa Tanzania ilimhifadhi Milton Obote tangu alipopinduliwa mwaka 1971, na kwamba Septemba 1972 wafuasi wake walivamia Uganda wakitokea Tanzania. Ukweli huo unaeleza chanzo cha uhasama, lakini hauhalalishi kunyakua ardhi ya jirani miaka sita baadaye. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inatambua haki ya nchi kujilinda. Kwa hiyo, uamuzi wa kwanza hauna mgogoro mkubwa miongoni mwa wanahistoria.

3.0 Uamuzi wa Pili: Kuvuka Mpaka

Mgogoro unaanzia Januari 1979, majeshi ya Tanzania yalipovuka mpaka na kuiteka Mutukula. Masaka na Mbarara zilitekwa Februari, na Kampala ikaanguka Aprili 1979. Nyerere alitetea hatua hiyo kwa kusema kuwa vita vilikuwa viwili: Watanzania walikuwa wakimwadhibu mvamizi, na Waganda walikuwa wakiuondoa utawala wao dhalimu. Hata hivyo, uzito mkubwa wa mapigano, hasa baada ya Libya kumpelekea Amin askari, uliangukia jeshi la Tanzania.

Hapa ndipo ulipo ukinzani. Mwaka 1964 mjini Cairo, Nyerere mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kutetea azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la kuheshimu mipaka iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Katika mkutano wa Monrovia, Julai 1979, Rais Nimeiri wa Sudan na Jenerali Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kukiuka misingi ya umoja huo. Watetezi wa Nyerere hurejelea Sheria ya Uanzilishi ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2000, ambayo Ibara yake ya 4(h) inaruhusu kuingilia kati panapotokea mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu. Utetezi huo una dosari mbili. Kwanza, haki hiyo imepewa Umoja, haikupewa nchi jirani moja. Pili, hoja rasmi ya Tanzania ilijengwa juu ya uvamizi uliotendwa dhidi yake. Kuivisha 1979 vazi la 2000 ni kumhukumu kiongozi kwa sheria ambayo hakuwa nayo.

4.0 Yaliyorudi Nyumbani

Gharama za vita zimekadiriwa kufikia dola za Marekani milioni 500, na wananchi waliombwa kufunga mikanda kwa miezi 18. Katika Mara kulikuwa na gharama nyingine. Utafiti wa Michael Fleisher (2000) kuhusu Wakurya wa Tarime unaonesha kuwa silaha zilizoingia vijijini baada ya vita ziliongeza ukali wa wizi wa mifugo. Ni kweli kwamba vita havikuwa sababu pekee: soko la ng'ombe ng'ambo ya mpaka wa Kenya lilikuwa kichocheo kikubwa. Lakini bunduki ilibadili uzito wa jambo. Jamii iliyotoa vijana wake kwenda kuilinda Kagera ilijikuta ikilinda mazizi yake dhidi ya risasi.

5.0 Hitimisho

Kiongozi hahukumiwi kwa matokeo yote, bali kwa yale aliyoweza kuyaona alipoamua. Vurugu za Uganda baada ya uchaguzi wa Desemba 1980 zilikuwa na watendaji wengine wengi. Lakini jeshi lililopanuliwa katika miezi michache kutoka takriban watu 40,000 hadi zaidi ya 100,000, pamoja na mgambo, lilikuwa na siku ya kurudi, na siku hiyo ilitabirika. Kumwondoa Amin kunaweza kutetewa. Kutokuwa na maandalizi ya kutosha ya kudhibiti silaha baada ya ushindi ni vigumu kukutetea. Hivyo basi, wanahistoria wa Vita vya Kagera wanapaswa kuusoma ushahidi wa vijiji vya Tarime na Serengeti sambamba na ule wa Kyaka na Kampala, kwani bila huo, mizani ya hukumu inabaki na upande mmoja.