Orodha ya Vocha na Walioisoma

Wanafunzi wangu, tunapojadili uwazi wa fedha za umma, huamini kwamba majina yakishabandikwa ubaoni kazi imekwisha. Hapo huwarejesha kwenye historia ya vocha za pembejeo nchini Tanzania.

Mfumo huo ulianza mwaka 2008, bei ya mbolea ilipokuwa imepanda mno duniani, na baadaye ukapata fedha za Benki ya Dunia. Ulimlenga mkulima asiyelima zaidi ya hekta moja: alipewa vocha za mbolea na mbegu za kutosha ekari moja, Serikali ikibeba takriban nusu ya bei, naye akijazia iliyobaki kwa wakala. Kwa maandishi, uwazi haukukosekana. Kila kijiji kilitakiwa kuwa na kamati ya vocha yenye wajumbe sita, wanawake watatu na wanaume watatu, na majina ya wanufaika yaridhiwe na mkutano wa kijiji.

Watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen walichunguza mgawo huo mkoani Kilimanjaro. Katika makala yao ya mwaka 2012 walionyesha kwamba takriban asilimia 60 ya vocha ziliangukia kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa.

Nani alifichwa? Kijijini watu hujua mfuko wa mbolea umeshushwa mlangoni kwa nani. Lakini mjane aliyerukwa amhojije hadharani kiongozi yuleyule atakayemwendea kesho kuomba barua ya utambulisho, au kusuluhishiwa mgogoro wa mpaka wa shamba? Isitoshe, sharti la kujazia nusu ya bei lilileta hoja nyepesi: maskini hatamudu, apewe anayemudu. Hoja hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli, kwa hiyo ilikuwa vigumu kuipinga.

Ulaya nako walibishana juu ya majina ya wapokea ruzuku, ila kwa hofu tofauti. Tarehe 9 Novemba 2010, katika shauri la wakulima wa Ujerumani, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha kanuni za kutangaza majina ya watu binafsi, kwa kulinda faragha. Mwaka 2013 utangazaji ulirejeshwa, wapokeaji wa kiasi kidogo wakisitiriwa. Kwa kipimo hicho, mpokeaji wetu wa mifuko miwili ya mbolea angesitiriwa, na hesabu ya Kilimanjaro isingeonekana kabisa.

Tangu mwaka 2022 ruzuku ya mbolea imerejea, safari hii kwa kuwasajili wakulima katika kanzidata. Ni hatua njema, nami siibezi. Ningeomba tu iongezwe safu moja mbele ya kila jina, ya kuonyesha kama mwenye jina ni kiongozi wa kijiji au ni wa kaya ya kiongozi, na safu hiyo ijazwe na mtu asiyeishi kijijini hapo.