Kiti Kilichomponza Seroney

Oktoba 15, 1975, polisi waliingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi wakamkamata mtu ambaye siku chache tu kabla ya hapo alikuwa amekalia kiti cha Spika. Hakuiba wala hakushika silaha. Kosa la Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet na Naibu Spika, lilikuwa uamuzi mfupi alioutoa akiwa kitini. Martin Shikuku, mbunge wa Butere, alikuwa amesema kuwa wapo watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama cha KANU. Akatakiwa athibitishe. Seroney akaamua kwamba jambo ambalo kila mtu analiona halihitaji kuthibitishwa. Wote wawili wakatiwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, na hawakutoka hadi Desemba 1978, Mzee Jomo Kenyatta alipokuwa ameshaaga dunia na Rais Daniel arap Moi akaamuru waachiliwe.

Huku Keringet, nchi ya viazi, chai na baridi ya alfajiri, ambayo jina lake limesafiri zaidi kwa chupa za maji na kwa miguu ya wanariadha, habari za kiti cha Spika huhesabiwa kuwa mambo ya wakubwa wa Nairobi. Nakataa. Watu wa miteremko ya Mau wameonja matunda ya kiti hicho, matamu na machungu, kuliko Wakenya wengi, na baadhi ya waliokikalia wametoka katika maeneo jirani, kuanzia Tinderet ng'ambo ya Londiani hadi Sotik upande wa Bomet.

Mwanzoni hapakuwa na Spika. Baraza la Kutunga Sheria la wakoloni lilipokutana mara ya kwanza, Agosti 17, 1907, aliyeongoza kikao ni gavana mwenyewe. Maafisa wake ndio walioandika miswada, na yeye ndiye aliyeamua nani aseme na nani anyamaze miswada hiyo ikijadiliwa. Ilikuwa kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Miongoni mwa walioteuliwa kuketi humo alikuwa Lord Delamere, setla aliyekuwa na mashamba Njoro. Masetla wa Bonde la Ufa walikuwa na mdomo barazani tangu siku ya kwanza. Mwafrika alisubiri miaka 37, hadi Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944.

Spika wa kwanza, Sir William Horne, alishika kazi mwaka 1948. Gavana akaondoka kitini, na kwa macho ya Waingereza hiyo ilikuwa hatua kubwa ya kistaarabu. Lakini mwaka huohuo, hapa jirani Olenguruone, familia za Wakikuyu zilikuwa katika vuta nikuvute na serikali iliyotaka kuzihamisha kutoka ardhi zilizokuwa zikilima. Kufikia mwaka 1950 zilikuwa zimefurushwa, nyingi zikapelekwa Yatta, mahali pakavu ambapo mkulima wa nyanda za juu hana la kupanda. Waafrika waliokuwa barazani wakati huo walikuwa wachache, tena wa kuteuliwa na gavana. Spika alikuwepo, kanuni zilikuwepo, ila Spika hawezi kumpa nafasi ya kusema mtu ambaye hakuruhusiwa hata kupita mlangoni.

Horne alifuatwa mwaka 1955 na Sir Ferdinand Cavendish-Bentinck, ambaye kuondoka kwake kunafundisha zaidi kuliko kukaa kwake. Mkutano wa Lancaster House wa mwaka 1960 ulipoonyesha wazi kuwa nchi inaelekea kwa Waafrika, alijiuzulu uspika akaenda kuunda chama cha kutetea masetla, Kenya Coalition. Simtukuzi kwa msimamo wake, lakini alitambua kwamba mtu hawezi kuongoza kikao na papo hapo akaongoza kambi. Tutalirudia jambo hilo, maana miaka zaidi ya 60 baadaye limetua katika meza za majaji wetu.

Aliyerithi kiti, Humphrey Slade, naye alikuwa Mzungu, wakili aliyewahi kuliwakilisha eneo la Aberdare. Hata hivyo wabunge wa Kenya huru walimbakiza kitini hadi mwaka 1970. Walimwamini. Chini yake Bunge lilijifunza adabu zake, yaani hoja ya nidhamu, swali la papo kwa papo kwa waziri, na desturi ya mbunge wa nyuma kusikizwa hata anapoudhi. Seneti ya kwanza nayo ilikuwa na Spika wake, Timothy Chokwe kutoka Pwani, hadi mabaraza mawili yalipounganishwa kuwa moja.

Fred Mati wa Kitui alichukua usukani mwaka 1970 na kudumu miaka 18, muda ambao hakuna Spika mwingine wa Kenya aliyeufikia. Katika kipindi chake ndipo kisa cha Seroney kilipotokea, na lazima tukae nacho kidogo.

Bunge lililotokana na uchaguzi wa mwaka 1974 lilikuwa na watu wenye ndimi kali. Chama kilikuwa kimoja, lakini ndani yake mlikuwa na upinzani usio na jina. Seroney, wakili, alikuwa tayari anajulikana kwa Azimio la Nandi Hills la mwaka 1969, lililodai haki ya Wanandi juu ya ardhi yao, na ambalo lilimfikisha mahakamani. Wabunge wenzake walimpa unaibu spika ingawa wakuu wa Serikali hawakumtaka. Kisha Machi 1975 J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini aliyekuwa na makao yake Gilgil, akauawa na maiti yake kukutwa katika vilima vya Ngong. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Elijah Mwangale ilichunguza mauaji hayo, na ripoti yake iliwatia kiwewe wakubwa. Kuanzia hapo Bunge lilikuwa mahali pekee ambapo Mkenya angeweza kusema hadharani kile ambacho wengine walinong'ona nyumbani. Na mlango wa mahali hapo ulikuwa mikononi mwa aliyekaa kitini.

Katika uamuzi ule wa Oktoba Seroney hakutoa hotuba. Hakumshambulia Rais wala kuunga mkono chama chochote. Alifanya kazi ya Spika iliyo ngumu kuliko zote: alimkinga mbunge mmoja dhidi ya wenye nguvu wanaotaka kumnyamazisha kwa kisingizio cha kanuni. Kanuni ya kuthibitisha ni nzuri, inazuia uzushi. Inapogeuzwa kamba ya kumfungia mdomo anayesema kweli, ni juu ya aliye kitini kuona tofauti. Seroney aliiona, na alijua inaweza kumgharimu nini.

Waingereza, ambao tulirithi kwao kiti hiki, hujivunia mwaka 1642. Mfalme Charles wa Kwanza aliingia katika bunge lao na askari akiwatafuta wabunge watano, na Spika William Lenthall akakataa kumwonyesha walipo, akisema kwa unyenyekevu kwamba yeye ni mtumishi wa baraza lile. Lenthall alibaki huru. Kwetu aliyefuatwa na askari ni yule aliyekuwa ameongoza kikao, na akalala kizuizini miaka mitatu. Nashangaa kwamba watoto wetu hawafundishwi jina la Seroney kama watoto wa Uingereza wanavyofundishwa la Lenthall. Alipotoka aligombea tena Tinderet mwaka 1979, akashindwa na kijana Henry Kosgey.

Baada ya hapo ukimya ulishuka. Juni 1982, Mati akiwa bado Spika, Bunge lilipitisha kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria. Moses Kiprono arap Keino akawa Spika mwaka 1988, baada ya uchaguzi wa mlolongo, kisha Jonathan Kimetet arap Ng'eno mwaka 1991. Wote wawili walikuwa wana wa Bonde la Ufa, lakini hilo halikutufaa kitu. Mapigano ya kikabila yalipowasha Molo na Olenguruone mwaka 1992, kamati ya Bunge chini ya Kennedy Kiliku ilizunguka, ikasikiliza waathiriwa na kuandika ripoti iliyotaja viongozi kwa majina. Bunge halikuipitisha. Waliochomewa nyumba huku kwetu walijibiwa kwa kimya.

Francis ole Kaparo wa Laikipia alianza kazi mwaka 1993 na kuonja mara moja jinsi kiti kilivyokuwa dhaifu. Bunge la kwanza la vyama vingi katika zama mpya lilifunguliwa Januari 26, na kesho yake Rais Moi akaliahirisha. Kaparo alikaa miaka 15. Alikuwa mkali kwa wabunge wazembe na stadi wa kanuni, na nadhani historia itamtendea haki zaidi kuliko walivyofanya wapinzani wake.

Kisha ikaja Januari 15, 2008. Siku hiyo Kuresoi ilikuwa bado inafuka moshi. Mapigano huku yalikuwa yameanza hata kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007, na matokeo ya urais yalipotangazwa, familia nyingi za Kuresoi na Molo zilikuwa tayari zimekimbia. Wabunge wapya walikutana Nairobi, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kumchagua Spika. Karani wa Bunge, Samuel Ndindiri, ndiye aliyeongoza kikao, kwa kuwa hapakuwa na Spika. Nchi nzima ilitazama kwenye televisheni. Wabunge wa ODM, chama cha Raila Odinga, hawakutaka kura ya siri, na wengi wao walionyesha kura zao waziwazi kabla ya kuzitumbukiza. Mzunguko wa kwanza haukutoa mshindi, wa pili vilevile. Katika wa tatu Kenneth Marende, mbunge wa Emuhaya, alipata kura 105 naye Kaparo 101.

Kura nne. Wengi waliichukulia kuwa ushindi wa kambi, na siku ile kweli ilikuwa hivyo. Lakini Februari 28 Rais Mwai Kibaki na Raila walipotia saini mwafaka wa kugawana madaraka, karatasi ile isingekuwa na nguvu bila Bunge kuigeuza sheria. Kazi hiyo ilimalizika Machi 18 chini ya Marende, kwa utulivu. Mwaka 2009 pande mbili za serikali ya muungano ziligombania nafasi ya kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni, kila moja ikimletea jina lake. Marende, aliyeingia kwa kura za ODM, alikataa kuupa upande wowote, akaamua kuiongoza mwenyewe kamati ya ratiba mpaka waelewane. Hapo ndipo nilipoamini kwamba mtu anaweza kubebwa na chama hadi kitini na asikibebe chama kitini.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha mengi. Spika huchaguliwa na wabunge lakini hatoki miongoni mwao, na hapigi kura. Kiti cha Rais na cha naibu wake vikiwa wazi kwa pamoja, Spika wa Bunge la Taifa hushika urais kwa muda. Seneti ilirudi na Spika wake, na kila kaunti ikapata bunge lake. Kwa mwananchi wa Keringet hilo la mwisho ndilo kubwa. Wadi yake ina mwakilishi miongoni mwa wadi 55 za Nakuru, na Spika wa kwanza wa bunge hilo, Susan Kihika, binti ya mwanasiasa mkongwe Dickson Kihika Kimani, ndiye gavana aliyechaguliwa mwaka 2022.

Bungeni Nairobi, chini ya Justin Muturi na baadaye Moses Wetang'ula, kiti cha naibu kimekuwa cha Bonde la Ufa mfululizo: Joyce Laboso wa Sotik mwaka 2013, Moses Cheboi mwaka 2017, kisha Gladys Boss wa Uasin Gishu mwaka 2022. Cheboi alichaguliwa mbunge wa Kuresoi yote mwaka 2002, kabla haijagawanywa Kaskazini na Kusini, kwa hivyo Keringet iliwahi kuwa chini ya mtu ambaye baadaye alikalia kiti kilekile cha Seroney.

Wetang'ula alichaguliwa Septemba 2022 akiwa kiongozi wa chama cha Ford Kenya. Mwezi uliofuata akaamua kuwa muungano tawala wa Kenya Kwanza ndio wenye wabunge wengi, ingawa muungano wa upinzani wa Azimio ulidai ndio uliotoka uchaguzini na idadi kubwa. Februari 7, 2025, majaji watatu wa Mahakama Kuu walifuta uamuzi huo, wakasema pia kwamba Spika kuongoza chama kunakiuka Katiba. Naona majaji walisema lililo sawa. Jirani zetu Tanzania walionyesha hatari ya upande wa pili Januari 2022, Spika Job Ndugai alipojiuzulu baada ya maneno yake kuhusu mikopo ya nchi kuwaudhi wakubwa. Spika anaweza kupotea kwa kuegemea Serikali, na anaweza kupotea kwa kuigusa.

Sheria yetu sasa inampa ulinzi ambao mwaka 1975 haukumfaa mtu yeyote: Spika haondolewi ila kwa kura za angalau theluthi mbili za wabunge, yaani 233 kati ya 349. Inampa mwananchi pia njia ambayo huku Mau haitumiki vya kutosha. Mtu yeyote anaweza kupeleka ombi Bungeni, liwe la hatimiliki iliyokwama, bei ya majani chai au fidia ya mwaka 2008. Si lazima apitie kwa mbunge wake. Analiandika, anaweka jina na sahihi, analifikisha kwa Karani, na likishatimiza masharti ni wajibu wa Spika kulitangaza mbele ya wabunge wote kisha likabidhiwe kamati.