Bati na kampaundi zake: lipi salama, lipi la kujihadhari nalo?

Kwa wengi wetu Unguja, bati ni la kuezekea nyumba. Hilo kwa kweli ni chuma kilichopakwa zinki. Bati tunalolieleza hapa ni metali nyingine, laini na nyeupe. Lenyewe halina madhara makubwa. Cha kuangalia ni kile lilichoungana nacho.

Kwenye makopo
Makopo mengi ya chakula ni chuma kilichopakwa bati jembamba. Vyakula vyenye uchachu, kama nyanya na nanasi, huliyeyusha kidogo kidogo, na kopo likifunguliwa hewa huongeza kasi. Kiwango cha juu kimataifa ni miligramu 250 kwa kilo ya chakula cha kopo, na 150 kwa vinywaji. Likizidi, huleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha kwa muda mfupi.

Kwenye rangi za nguo na dawa ya meno
Kloridi ya bati hushikisha rangi kwenye nguo isichuje. Ulaya imetumika tangu karne ya 17 kupata wekundu mkali kwenye sufi. Huchoma ngozi na macho. Floridi ya bati imo kwenye baadhi ya dawa za meno. Kiasi chake ni kidogo, na huzuia meno kuoza.

Kwenye rangi za vyombo vya baharini
Hapa ndipo penye hatari. Zamani majahazi yalipakwa shahamu, yaani mafuta ya wanyama na chokaa. Kuanzia miaka ya 1960, rangi nyingi za meli zilitiwa tributiltini (TBT) ili kuua viumbe vinavyoota chini ya chombo. Sumu hiyo huwaotesha konokono wa kike viungo vya kiume, wakashindwa kuzaa. Kwa binadamu huwasha ngozi, macho na kifua. Mkataba wa kimataifa wa 2001, ulioanza kazi Septemba 2008, uliipiga marufuku, lakini hukaa miaka mingi kwenye tope. Watafiti wameikuta katika bandari za Zanzibar na Dar es Salaam.

Ufanye nini?
- Ukifungua kopo, hamishia kilichobaki kwenye bakuli la kioo au plastiki.
- Ukitia rangi ukindu au nguo, vaa glavu, na sufuria ya rangi usiipikie chakula.
- Ukikwangua rangi kuukuu ya boti, lowesha kwanza, funika pua na mdomo, na usiache watoto karibu.
- Maji yakipwa, usiokote chaza wala kombe karibu na bandari.
- Rangi ikiingia machoni, osha kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda kituo cha afya.