Meno ya Nailoni Si Mila ya Kale

Wengi wanaosikia habari za meno ya nailoni, ambayo kwingine huitwa meno ya plastiki, hudhani ni mila ya mababu. Tanzania mila hii ya kumchimbua mtoto mgonjwa meno ambayo hayajaota, yakidhaniwa ndiyo yanayomuuguza, ni changa: madaktari wa meno walianza kuiandika kwa wingi miaka ya 1980, na jina lenyewe limetoka dukani, si kwa wahenga. Uganda ilitangulia. Mwaka 1969 Jens Pindborg, bingwa wa magonjwa ya kinywa kutoka Denmark, alichapisha habari za watoto wa huko waliong'olewa meno ya chonge kabla hayajaota. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 kuhusu Wamasai wa kijijini Kenya ulikuta kwamba kati ya watoto 95 wa miezi 6 hadi miaka 2, asilimia 87 walikwisha kuchimbuliwa angalau jino moja. Desturi inayoenea hivyo, tena katika enzi za zahanati na chanjo, haielezeki kwa neno ujinga. Imeenea kwa sababu inamjibu mzazi swali ambalo zahanati haimjibu.

Itazame kazi yenyewe. Mtoto ana homa, anaharisha, amekataa ziwa. Mganga anapitisha kidole kwenye ufizi, anagusa uvimbe mweupe mahali pa chonge, kisha anachokonoa kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa au ncha ya kisu, bila ganzi. Kinachotoka ni cheupe, laini, hakifanani na jino lolote ambalo mama amewahi kuliona, na mganga anamwonyesha. Ni ushahidi wa kushikwa mkononi. Muuguzi ana nini cha kuonyesha kinachoushinda huo? Lakini kile ni kijino cha chonge ambacho hakijakomaa, na kila mtoto wa umri huo anacho, mgonjwa kwa mzima. Uvimbe wake huonekana katika miezi ileile mtoto anapoanza uji, anapotambaa na kutia kila kitu mdomoni, huku kinga aliyoipata kwa mama ikipungua. Ndiyo maana ufizi na kuharisha hukutwa pamoja.

Utaambiwa kwamba watoto hupona baada ya kuchimbuliwa. Ni kweli, kwa kuwa kuharisha kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache, na sifa humwendea aliyeshika spoku. Waliovuja damu hadi kufa, waliopata pepopunda au vijidudu kwenye damu, hawaingii katika hesabu yake. Aliyenusurika naye huenda akaja kuota chonge la ukubwani lililopinda au lenye madoa, pengine lisiote kabisa.

Wanaoiita desturi hii ushirikina wa Kiafrika wangesoma kidogo habari za Ulaya. Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa katika karne ya 16, alifundisha kuchanja ufizi wa mtoto anayeota meno, na madaktari waliosoma waliendelea kuchanja hadi karne ya 20 ilipoanza. London, katika takwimu za vifo za karne ya 19, kuota meno kuliandikwa kuwa chanzo cha vifo vya watoto. Unga wa meno wenye zebaki uliuzwa Uingereza hadi miaka ya 1950, ukiwadhuru walewale uliokusudiwa kuwatuliza. Imani hiyo ilififia maji na maziwa yalipokuwa salama zaidi, na madaktari walipojua vinavyowaharisha watoto.

Wapo wanaotaka waganga hawa wafungwe, na hoja yao ina uzito, maana mtoto hana sauti. Ila kifungo peke yake kitamfanya mzazi afiche, na mtoto anayevuja damu usiku acheleweshwe kupelekwa hospitali. Kliniki inapompima mtoto uzito akiwa na miezi minne au mitano, muuguzi amfunulie mama ufizi, amwonyeshe chonge linapokaa, ampe na pakiti za ORS, chumvi ya kurudisha maji mwilini, za kuweka nyumbani kabla kuharisha hakujaanza.