Umuravumba na umwenya: dawa za ngozi za wazee wetu

Huku kwetu Rutshuru, nyuma ya nyumba za zamani hakukosi mti mdogo wenye majani ya kunata na harufu kali. Ni umuravumba. Karibu yake mara nyingi iko umwenya. Wamama walikuwa wanaponda majani, wanakamua maji yake na kumpakaa mtoto mwenye vipele. Umuravumba ulitumiwa pia kwa buba, homa na majipu ya meno.

Wakati wa ukoloni, mganga wa majani na mchawi walitiwa mara nyingi katika mfuko mmoja. Wazee wakaanza kuficha dawa zao. Ni mwaka wa 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, ndipo mataifa yalikubali kama waganga wa asili nao wanaweza kusaidia afya ya watu.

Kisha wenye elimu wakaja kupima. Mwaka wa 1986, kikundi cha Luc Van Puyvelde, waliofanya kazi Butare ng'ambo ya mpaka, walitangaza kama wametoa katika majani ya umuravumba kitu chenye kuua vijidudu vya namna mbalimbali. Kumbe wazee hawakubahatisha.

Na chunusi? Inaanza tundu la ngozi likiziba kwa mafuta. Ndani yake kijidudu Cutibacterium acnes kinaongezeka na ngozi inavimba. Umuravumba haujahakikishwa kwa ugonjwa huo. Lakini umwenya ulijaribiwa: mwaka wa 2002, watafiti wa Ile-Ife, Nigeria, walionyesha kama pomadi yenye mafuta yake ya asilimia 2 inapunguza chunusi. Ya asilimia 5 ilikuwa na nguvu, lakini ilichoma ngozi.

Hapo ndipo tunapata somo: dawa ni kipimo. Wazee walijua majani mangapi, kwa nani, siku ngapi. Hayo hayakuandikwa.

Darasani tunaona wasichana wakificha uso nyuma ya daftari. Tukiwaambia habari za majani, wanacheka: «Mwalimu, hiyo ni ya kijijini!» Kisha wananunua sokoni pomadi za kuchubua, zingine zenye kortizoni, ambayo yenyewe inaleta chunusi.

Hatusemi tuache daktari. Tunasema, kabla bibi zetu hawajatutoka, tukae nao na kalamu mkononi: jina la mti, sehemu yake, kipimo chake. Wakienda na kipimo, tutabaki na majani tu.